Betri Iliyolala Njaa

Siku ya kumi na moja taa ya kontrola, kile kisanduku cha kuchajia betri kwa sola, ilipokataa kugeuka kijani, Atiir alivua kandambili ya mguu wa kulia akaichapa betri makofi mawili ya nguvu. Betri haikushtuka. Ilikaa pale pale juu ya tofali lake, nyeusi, nzito, haina haya, na ile taa nyekundu ikaendelea kuwaka kama iliyolipwa kumuudhi.

"Haki ya Mungu nitakuua," Atiir akaiambia.

Kando ya betri kilikuwa kifriji cha kubebeka, ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni, alichokipata kwenye mnada siku nesi mmoja Mzungu alipofunga virago kurudi kwao. Ndani hamkuwa na soda wala maziwa. Mlikuwa na chupa tatu za insulini, ndogo kama kidole gumba, na chupa hizo ndizo zilizokuwa maisha ya binti yake. Nakal alikuwa na miaka tisa. Sindano asubuhi, sindano jioni, kila siku ya Mungu. Daktari wa Lodwar alimweleza Atiir bila kupamba maneno: dawa hii ikipata joto inakufa, na ikifa, mara nyingi huwezi kuijua kwa macho. Utamdunga mtoto maji ukidhani umemdunga dawa. Na joto la Kakuma, mwezi wa Februari, ni nani asiyelijua?

Walikuwepo watu wa kumuuliza kwa nini asiiweke dawa kwingine. Kwingine wapi? Zahanati ilikuwa ikifunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi, na mtoto hudungwa kabla ya uji na kabla ya chakula cha jioni. Jikoni alikokuwa anapika, kwa wafanyakazi wa shirika moja la misaada, zilikuwepo friji tatu zenye urefu wa mlango. Lakini siku alipoficha chupa moja nyuma ya mayai, msimamizi wa jiko aliiona, akaitoa kwa vidole viwili, akasema chakula na sindano havilali pamoja. Chupa ile ilishinda dirishani ikipigwa na jua. Atiir hakuwahi kumsamehe msimamizi yule, na hakuwa na mpango wa kuanza.

Tuseme ukweli, watu aliokuwa hajawasamehe walikuwa wengi. Hasira za Atiir zilijulikana toka stendi mpaka ng'ambo ya mto Tarach. Kuna watu humeza hasira. Yeye alizipika, akazipakua, na aliyekuwa karibu alikula apende asipende. Mumewe alikuwa mbali, Nariokotome, kwenye kazi ya mjengo, akipiga simu mara moja kwa wiki na kukata haraka.

Nyumbani walibaki watatu: yeye, Nakal, na mama mkwe wake Akuwam, aliyekuja mwezi wa kwanza kutoka upande wa Lokori baada ya ukame kumaliza mbuzi wake. Akuwam alikuwa mzee mpole, mwenye shingo ndefu iliyojaa shanga, na hakujua Kiswahili zaidi ya "maji" na "chumvi". Siku aliyofika, Atiir alimwonyesha kifriji, betri, nyaya, na lile bamba la sola lililofungwa juu ya paa la banda la wanambuzi, akamwambia kwa Kiturkana, huku tayari anafunga kitambaa cha kichwa aende kazini, "Mama, sikiliza. Chochote cha hii dawa kisipate jua kali. Kikipata jua, mtoto anakufa. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi." Na akatoka.

Sasa, asubuhi hii ya kandambili, Akuwam alisimama mlangoni na kikombe cha chai ya maziwa, akamtazama mkwe wake akihema juu ya betri.

"Atiir," alisema polepole, "nilitaka kukuuliza juu ya hicho kioo cha bandani. Mimi naona—"

"Mama, si sasa! Mimi napambana na hili shetani, wewe unaniletea habari za kioo. Fanya vile nilivyokuambia, yatosha."

Akuwam akaweka chai chini, akarudi nje. Ilikuwa mara ya tatu au ya nne kukatizwa hivyo, na mzee ni mzee, hana haja ya kuomba nafasi ya kusema nyumbani kwa mwanawe.

Saa moja na nusu Lueth alifika kwa baiskeli. Lueth ndiye aliyefunga ile sola mwezi wa tisa, na kwa miezi minne ilifanya kazi bila kukohoa. Alikuwa Mdinka, mrefu wa kuinama kila mlango. Aliletwa Kakuma akiwa mtoto mwaka wa tisini na mbili, na Kiturkana alikiokota visimani pamoja na watoto wa wenyeji, kikamkaa mdomoni kuliko Kiswahili. Mchana alikuwa na ile kazi ya posho ndogo ambayo mashirika huwapa wakimbizi, kutengeneza taa na pampu za lile lile shirika ambalo Atiir alikuwa analipikia. Asubuhi ndio alizunguka mjini na mfuko wake wa vyombo.

"Ejok, mama Nakal," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Hakuna ejok hapa. Angalia hiyo taka yako," Atiir akamjibu kwa Kiswahili, lugha waliyoizoea kazini.

Lueth alifungua mfuko wake. Alitoa kipima umeme, akapanda juu ya jiwe, akagusa nyaya za bamba. "Volti kumi na tisa," alisema. "Bamba iko sawa." Akapima waya unaoingia kwenye kontrola, akafungua fyuzi akaiangalia kwenye mwanga, akairudisha. Akafungua vizibo vya betri kimoja kimoja, akachungulia maji, akaingiza kichupa cha kupima asidi mara sita, mara moja kwa kila chumba cha betri. Akasugua vichwa vya betri kwa brashi mpaka vikang'aa. Mwisho akapima betri yenyewe: volti kumi na moja nukta tatu, karibu tupu. Akakaa chini, akakuna kidevu.

"Ile siku nilibeba hii betri kambi, nikachaji kwa mashine, ilirudi imejaa," alisema. "Siku tatu ikafanya kazi mzuri. Halafu tena chini. Sasa chumba zote sita ziko sawasawa. Hakuna moja mgonjwa. Mama Nakal, hii betri si mgonjwa. Hii betri iko na njaa."

"Njaa? Na jua lote hili?"

"Hiyo ndio mimi najiuliza. Asubuhi mimi napima, bamba inatoa mzuri. Lakini mimi nakuja asubuhi peke yake. Nataka unipatie siku moja mzima. Nikae hapa toka asubuhi mpaka jioni, niangalie jua inafanya nini na bamba. Kesho naomba ruhusa kwa kazi, nakuja nakaa."

Hilo ndilo lilikuwa wazo la maana kuliko yote yaliyosemwa katika boma lile kwa mwezi mzima. Na Atiir akalitupa jaani.

"Ukae hapa siku nzima? Kufanya nini? Kuhesabu jua? Ule chakula cha mchana, unywe chai, jioni uniambie nikulipe siku! Mimi si mjinga, Lueth. Betri yangu ilikuwa nzima mpaka ulipoipeleka kambini. Uliipeleka huko ukakaa nayo siku mbili. Nini kilirudi?"

Lueth alisimama taratibu. "Unasema nini?"

"Nasema ulichukua yangu ukaniletea ya mtu mwingine. Zinafanana, mimi nitajuaje? Mtoto wangu anakufa, na wewe unachezea betri yake!"

Walikuwepo wanawake wawili wakipita na madebe ya maji, wakasimama. Gari la kampeni lilikuwa linapita barabarani likitangaza kwa vipaza sauti kwamba safari hii kila boma litapata stima, na Atiir akalazimika kuinua sauti ili alishinde. Alilishinda. Mwizi, alisema. Mwizi wa watoto wagonjwa. Alisema na mengine juu ya wakimbizi na kula chakula cha bure, maneno ambayo siku nyingine angemchapa mtu mwingine akiyasema.

Lueth alikusanya vyombo vyake, akaviweka kimoja kimoja mfukoni. Alimuaga Akuwam kwa Kiturkana. Atiir hakuagwa.

Jioni ile sukari ya Nakal ilipanda. Mtoto alikunywa maji jagi zima, akaomba jingine, akakojoa, akaomba tena, macho yamelegea. Atiir alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akamsihi mlinzi kwa matusi mpaka akaitwa nesi, na nesi akatoa chupa mpya akamdunga pale pale. "Hizo za nyumbani zitupe," nesi alisema. "Zimepata joto. Nakupa hii moja. Nyingine ni mpaka Lodwar walete, mwisho wa mwezi. Na hii ikiharibika, mama, mimi sina kitu cha kukupa. Unaelewa?"

Alielewa sana. Usiku kucha aliizungushia chupa ile kitambaa kibichi ndani ya mtungi wa mchanga uliolowa, akampepea Nakal, na kila alipoipepea ile sura ndogo aliiona sura ya Lueth nyuma yake.

Asubuhi hakungoja. Aliingia ofisini kwa shirika kabla ya kufunga aproni, akasimama mbele ya meza ya afisa kijana aliyekuwa akiongea Kiingereza kwenye simu, akangoja simu ikatwe, kisha akasema yote. Fundi wenu ameiba betri. Anaingia mjini na baiskeli yenu kuibia watu. Afisa aliandika, akamsomea alichoandika kwa Kiingereza, akamwambia atie sahihi. Atiir akatia, na kalamu nusura itoboe karatasi. Kufikia saa sita habari ilikuwa imeshafika jikoni. Lueth amesimamishwa kazi, na barua imepelekwa Nairobi. Atiir alikatakata vitunguu vya watu sitini, na ndani yake kulikuwa na utamu fulani ambao baadaye aliukumbuka kwa aibu.

Lakini utamu haujazi betri. Alimwomba msimamizi wa jiko siku mbili, akanyimwa, akazichukua. Akamwachia Akuwam mtungi, sindano na maagizo, akaifunga betri kwa kanga, akapanda lori lililokuwa linarudi Lodwar tupu. Kilomita mia na ishirini za mashimo, na yeye ameikumbatia betri ile kati ya magoti isiinamie upande, asidi isije ikamwagika. Njiani aliyapanga maneno atakayomwambia mwenye duka. Yalikuwa mengi na yote yalikuwa mabaya.

Mwenye duka alikuwa Epuyo, mzee wa kipara mwenye miwani ya kamba, na alikuwa ameyasikia maneno mabaya miaka mingi. Alimwacha Atiir ayamalize. Kisha akasema, "Risiti."

Atiir akampa. Epuyo akaigeuza betri, akapangusa vumbi pembeni kwa kidole kilichotemewa mate, akasoma namba iliyochorwa kwenye plastiki. Akasoma na risiti. Akamsogezea zote mbili.

"Soma mwenyewe, mama."

Akasoma. Tarakimu tisa, na herufi mbili mwishoni. Zilikuwa zile zile, moja baada ya nyingine. Akazisoma tena kutoka nyuma, labda zitabadilika.

"Hii ndiyo betri niliyokuuzia," Epuyo alisema. "Hakuna mtu amebadilisha. Sasa niachie mpaka kesho."

Alilala kwa binamu yake bila kufumba jicho. Kesho yake saa nne Epuyo alikuwa ameichaji, ameiwekea taa kubwa ya gari, akaiacha iwake saa nzima, na kipimo hakikushuka ila kidogo. "Nzima," alisema. "Hii betri itakuzika. Shida iko nyumbani kwako. Haishibi. Kuna mti umemea mbele ya bamba?"

"Kakuma? Mti gani? Mathenge yenyewe imenyauka!"

"Basi kuna kitu. Nyumba, nguo za kuanika, kuku. Betri kama hii na kifriji, chakula chake kikubwa ni kati ya saa tano na saa tisa. Asubuhi ni kifungua kinywa tu. Nani hukaa nyumbani saa sita?"

"Mama mkwe wangu."

"Umemuuliza?"

Atiir alimjibu jambo lisiloandikika, akainua betri yake. Epuyo alimsaidia kuifikisha barabarani, na alipokuwa anamkumbusha masharti ya garantii alimwambia garantii inafunika betri, haifuniki hasira. Angekuwa kijana angepigwa.

Lori la kurudi lilimshusha Kakuma saa saba mchana, siku ya pili. Ile saa ambayo barabara inabaki na vumbi peke yake, mbwa wamelala chini ya magari na hata polisi wa kizuizini wameingia kivulini. Katika miezi yote hiyo Atiir hakuwa amewahi kuwa nyumbani saa saba. Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa jikoni toka saa tatu mpaka saa kumi na moja, na Jumapili ibada ya kwao ilianza asubuhi ikaisha watu wamesinzia, kisha kwaya. Alisukuma lango la miiba kwa goti, betri mkononi, mgongo unamuuma, akaingia.

Bamba la sola halikuonekana.

Wazo la kwanza lilikuwa wizi, na tusi la kwanza lilikuwa limeshafika kooni. Kisha akaona. Juu ya paa la banda lilikuwa limetandazwa gunia la mahindi ya msaada, limeloweshwa, na juu ya gunia ngozi ya ng'ombe, imebanwa kwa mawe manne pembeni ili upepo usiifunue. Chini yake, kwenye kivuli chembamba cha banda, Akuwam alikuwa ameketi kwenye kigoda chake na kibuyu cha maji. Aliinuka, akamimina maji kidogo juu ya ngozi, kwa uangalifu, kama anayemwosha mtoto mchanga kichwa. Nakal alikuwa kando yake na sare ya shule. Alikuwa ametoka mapumziko ya mchana kumletea nyanya yake maji.

"Mnafanya nini?" Atiir alisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Mnafanya nini!"

"Tunalilinda," Akuwam alisema.

Atiir aliweka betri chini, akaruka, akang'oa ngozi, akang'oa gunia, mawe yakaangukia wanambuzi ndani wakalia. Bamba likamulika macho yake. Akageuka, na yote yakatoka. Mwezi mzima! Mwezi mzima nahangaika, nalala macho, nimetukana watu, nimefika Lodwar, mtoto nusura afe, kumbe mchawi niko naye ndani! Nani alikuambia uifunike? Nani?

Akuwam alimngoja. Wanawake wa umri wake wamezika waume na watoto na ng'ombe. Kelele haziwatishi, zinawachosha tu.

"Wewe," alisema. "Uliniambia chochote cha dawa hii kisipate jua kali, kikipata jua mtoto anakufa. Nikaona kile kisanduku kiko ndani. Ile nyeusi iko ndani. Hiki kioo peke yake kimeachwa nje, na waya wake unaingia kwa dawa. Asubuhi jua ni dogo, nikakiacha. Saa tano nikigusa, kinaunguza mkono. Kwetu jua likisimama huwezi kuacha kitu chenye uhai nje. Mbuzi anaingizwa, mtoto anaingizwa, kibuyu cha maziwa kinafunikwa. Nikasema huyu mwanamke ana kazi nyingi, amesahau. Nikafunika. Saa kumi jua likilegea nafunua. Siku ambayo mgongo wangu uliuma nilipanda hivyo hivyo."

"Lakini kwa nini hukuuliza!"

"Niliuliza."

Atiir alikumbuka mara moja, kisha akakumbuka mara nyingine, na mara nyingine. Akaketi chini pale pale juani.

Sasa betri iko uani na hakuna wa kuifunga. Atiir alizijua nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na alijua pia kwamba ukizikosea unaunguza kontrola. Chupa moja ya dawa ilikuwa mtungini, na joto la siku ile lilikuwa la kukaanga. Fundi mwingine wa sola Kakuma alikuwa amekwenda Lokichoggio kwenye arusi. Hakukuwa na njia ila moja, na njia hiyo ilipita katikati ya kambi.

Lueth alikuwa nje ya nyumba yake ya tope, anatengeneza redio ya jirani. Mkewe, Akuch, alimwona Atiir kwanza, akaingia ndani bila kumsalimu. Atiir akasema alichokuja kusema, akiwa amesimama: betri ni ile ile, namba ni ile ile, bamba lilikuwa linafunikwa, yeye ndiye aliyekosa, anaomba radhi, na tafadhali aje kwa ajili ya mtoto.

Lueth hakuinua macho kwenye redio. "Mimi niko hapa miaka ishirini na moja," alisema. "Nimekula ile chakula ya bure, ndiyo. Nimeona watu wanapigana kisima, wanapigana kuni. Hakuna siku hata moja mtu ameniita mwizi. Wewe umeniita mbele ya watu. Halafu umeandika. Sasa unanong'oneza radhi hapa nyuma ya nyumba yangu? Rudi pale ulisema. Sema sauti ile ile."

Akaenda. Hilo tumpe Atiir: hakuwahi kukosa sauti. Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, watu sitini wakiwa na sahani, alipanda juu ya benchi la bwalo na aproni yake, akapiga sufuria kwa mwiko. Alisema Lueth hakuiba kitu. Alisema yeye Atiir alisema uongo, akatia sahihi chini ya uongo, na kwamba anayetaka kumcheka amcheke sasa. Wengine walicheka. Afisa kijana alimwita ofisini akamwambia kwa upole kwamba maelezo yake mapya yatatumwa Nairobi, na Nairobi itajibu, labda miezi miwili, labda mitatu, na mpaka hapo Lueth hawezi kurudi kazini, wala barua ya kumruhusu kutoka kambini, aliyonyang'anywa aliposimamishwa, haiwezi kurudishwa. Atiir alimpigia meza. Meza haikuwa na msaada. Kuharibu kulikuwa kumemchukua dakika kumi.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda, Lueth alikuja. Hakuwa na barua wala baiskeli ya shirika. Alikuja kwa miguu, akipitia mtoni ili asikutane na askari. Nakal alimfungulia lango. Lueth alisema "ejok" kwa mtoto, akasema "ejok" kwa Akuwam, akampita Atiir kama mtu anayepita nguzo. Alifunga nyaya, akapima, akaandika namba kwenye ukuta kwa mkaa. Taa ikawa ya njano. Kifriji kikaanza kunguruma, na chupa ikatolewa mtungini ikaingizwa ndani.

Kisha, badala ya kuondoka, akavuta kigoda karibu na Akuwam. Akaanza kumweleza, kwa Kiturkana chake cha visimani, bila haraka. Kile kioo, nyanya, hakiumii na jua. Jua ndilo malisho yake. Saa sita ndipo kinapokula sana, kisha kinamlisha huyu mweusi aliye ndani, na mweusi anaikeshea dawa usiku kucha. Huyu mweusi ndiye asiyetaka joto, na dawa ndiyo isiyotaka joto. Kioo mwache aungue, hiyo ndiyo kazi yake. Mpanguse vumbi tu, asubuhi, kwa kitambaa.

Akuwam aliuliza maswali. Mvua je? Kuku akipanda je? Na usiku anakula nini? Lueth alijibu kila moja. Akuwam akatingisha kichwa, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu aje kutoka Lokori. "Kumbe anachunga," alisema. "Huyu juu anachunga, yule wa chini anakamuliwa. Si jambo gumu. Miaka yangu yote ni hiyo hiyo."

Atiir alikuwa jikoni, hatua nne kutoka hapo, anachemsha chai, na alisikia kila neno. Maelezo yote hayakuchukua muda wa maji kuchemka.

"Na wewe," Lueth akamgeukia Nakal, aliyekuwa amechuchumaa miguuni pake. "Wewe unasoma shule. Darasani hawajakufundisha sola?"

"Wametufundisha."

"Ulijua kwamba inataka jua?"

Nakal akachora kitu mchangani kwa kidole. "Nilijua kidogo."

"Sasa mbona hukumwambia mama?"

Mtoto alitupa jicho jikoni, akashusha sauti, lakini boma lilikuwa dogo. "Kila siku alikuwa anakuja amekasirika," alisema. "Nyanya akasema tungoje siku atakayokuja bila hasira, tumuulize vizuri. Tukangoja."

Atiir alisimama na birika mkononi. Maneno yalikuwepo, alikuwa nayo tangu kuzaliwa, yalipanda mpaka kwenye meno. Safari hii hayakupata mtu wa kumwendea, akayameza, na yalikuwa machungu kweli. Mtoto alikuwa ameujua ugonjwa wa ile betri akiwa na sukari mwilini na kiu isiyokatika, akaona afadhali kungoja.

Akamimina chai vikombe vitatu. Cha kwanza akampelekea Lueth, kwa mikono miwili, na magoti yamekunjwa kama anayempa mzee. Lueth alikipokea, akapuliza, akanywa funda moja, na akamshukuru Akuwam.